Habari za Vita vya Kisiba, na Kisamaki cha Plastiki Kilichoviamua

"Samaki si mwehu," Ambindwile alikuwa akisema, kwa mara ya nne asubuhi ile, mkono mmoja ameuegemeza kwenye mgomba wa mpakani na mwingine ameunyoosha kuelekea ziwani. "Hana shule, hana kadi ya kliniki, lakini si mwehu. Umtupie dude la plastiki lisilo na harufu wala damu, naye alimeze? Hosea, nkamu, ndugu yangu, hata kuku wako, ambao nawajua kwa ujinga wao mmoja mmoja, hawadonoi kizibo cha soda."

Hosea, upande wa pili wa mgomba huohuo, akajibu kwamba kuku hao walikwishadonoa vizibo, tena viwili, yeye akiona, na kwamba mtu asiyejua uvuvi wa kisasa afadhali akakamue ng'ombe.

Hapo tuwaache kwanza, wagombane, hawaendi popote. Nyinyi sogeeni. Sogeeni, enyi watu wa Kisiba na enyi wa Ikuti, na nyinyi mliopanda kutoka Tukuyu mjini kwa viatu visivyopenda matope. Mwenye kigoda akikalie, mwenye kikombe cha chai aje nacho, mwenye mtoto mgongoni amtikise polepole asije akatukatiza. Kwa maana habari ninayoifungua leo ni ya vita vikuu, ambavyo majeshi yake yalikuwa wazee wawili, uwanja wake ziwa lililolala ndani ya shimo la mlima, na silaha yake kitu chenye urefu wa kidole cha mwisho. Nanyi, akina mama wa foleni ya maziwa, mnaojua nani kachelewa kuamka na kwa sababu gani, nyinyi ambao hakuna neno linalopita kilimani pasipo ninyi kulipima, nijalieni leo ulimi wenu. Maana nusu ya haya niliyapata kwenu, na nusu ya pili mlinisahihisha.

Huyu Hosea basi, Mpima-Majani, Mwenye Kofia ya Pama, alikaa miaka ishirini na sita katika banda la chai akiyatia majani ya watu mizanini, na neno lake likawa la mwisho: akisema kilo kumi na tisa, ni kumi na tisa, hata ungegaagaa chini. Enzi zile hapakuwa na jambo lililopita bila yeye kuulizwa. Kama mvua itanyesha, kama ng'ombe wa fulani ana mimba, kama binti wa fulani aolewe sasa au asubiri. Kisha akastaafu, mizani ikapata karani mwingine, na tangu siku hiyo, miaka mitatu sasa, hakuna mtu aliyemuuliza Hosea jambo lolote zaidi ya saa. Na hata saa yenyewe watu wameanza kuitazama kwenye simu.

Wa kuulizwa akawa Ambindwile, jirani yake, Ulimi-Usiopoa, bwana wa ng'ombe watatu wa maziwa; mtu mwema kabisa, ila hajawahi kukutana na jambo asilolijua. Na hilo ndilo lililomchoma Hosea usiku na mchana, ingawa yeye alisema ni goti.

Sasa, silaha ilipatikanaje? Siku ya gulio Tukuyu, Tupokigwe muuza mitumba alifungua belo jipya la vikorokoro, akakuta boksi lenye vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba kitu cha kumetameta: visamaki, vyura vya mpira, minyoo ya zambarau, vijiko vya fedha vyenye mkia wa manyoya mekundu. Akaona ni hereni. Akavitundika kwenye kamba pamoja na hereni nyingine, na kabla jua halijafika utosini alikwishauza jozi moja kwa Agness, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambaye aling'oa ndoano kwa koleo la mumewe, na Jumapili akasimama mbele ya usharika mzima kila sikio likining'iniza chura wa kijani. Alichekwa? Hata kidogo. Wanawake wawili walimuuliza alikonunua.

Ni Hosea peke yake aliyepita pale, akaona ndani ya kifuniko cha boksi picha ya samaki wa ughaibuni, mwenye domo pana kama mlango wa banda la nguruwe, anaruka juu ya maji kukikamata kisamaki kilekile alichokuwa akikitazama kwenye kamba ya hereni. Akanunua boksi lote lililobaki, pamoja na fimbo yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi ambayo Tupokigwe alikuwa akiiuza kama antena. Akarudi nyumbani, akajifungia na simu, na kwa muda wa bando zima akamtazama mzungu mmoja mnene akimvua yule wa domo pana, ambaye huko kwao, kadiri Hosea alivyosikia, huitwa besi. Lugha hakuielewa, ila mikono aliielewa: hivi ndivyo unavyorusha, hivi ndivyo unavyokunja. Kisha mzungu yule akainua kidole kimoja, akakaza macho, kama mtu anayetaka kusema jambo ambalo bila hilo mengine yote ni bure. Hapo bando likakata.

Hosea akaona inatosha.

Turudi mpakani sasa, maana maneno yamefika penyewe. Ambindwile alikwishawaita mashahidi watatu waliokuwa wakipita na ndoo, akaisimamisha miguu yake kwa upana, akanena kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano:

"Sikilizeni, watu wa kilima hiki. Kuanzia leo mpaka Jumamosi saa sita mchana, Hosea apewe ziwa lote la Kisiba, na kingo zake, na maji yake mpaka chini kusikofikiwa na kamba. Akimtoa samaki mmoja kwa plastiki, si kwa nyungunyungu wala ugali wala kumbikumbi, mimi Ambindwile nitalibeba keni lake la maziwa kulipandisha kituoni kila alfajiri, mwezi mzima, wala sitaguna. Asipomtoa, yeye atabeba langu."

Na ijulikane kwamba keni la Hosea lilikuwa la ng'ombe mmoja aliyechoka, na la Ambindwile la ng'ombe watatu walioshiba. Na njia ya kwenda kituo cha maziwa hupanda kama ngazi, na masika ikikolea huwa utelezi mtupu. Na goti la Hosea ni lile mlilolisikia. Lakini shujaa hakulitazama goti lake.

"Nimekubali," akasema. "Na wewe kesho uanze kuzoeza mabega."

Alhamisi kabla ya mapambazuko akashuka ziwani, ukungu umelala juu ya maji kama shuka ambalo mtu kalisahau. Akafungua boksi lake juu ya jiwe, akawakagua askari wake mmoja mmoja. Nani atangulie? Akawaza kama wanavyowaza wote waanzao: aliye mkubwa ndiye mwenye nguvu, na mwenye rangi kali ndiye aonekanaye. Akamteua jemadari, dude jekundu lenye madoa ya njano, refu kama gunzi la hindi, lenye ndoano tatu za ncha tatutatu; akalirusha kwa nguvu zote za ukoo wake. Likaruka. Likaruka vizuri, hakuna ubishi. Likatua kwenye mti uliokuwa nyuma yake.

Alipolitungua alirusha tena, likaanguka majini kwa kishindo cha tofali, na samaki wote waliokuwa upande ule wa ziwa, kwa makadirio ya mama mmoja aliyekuwa akichota maji, wakahamia upande wa pili. Akamtuma mnyoo wa zambarau. Mnyoo ukarudi na majani. Akamtuma chura, na vyura halisi wa ukingoni wakanyamaza kwa heshima, kisha wakaendelea. Siku nzima akirusha na kukunja, kurusha na kukunja, na kukunja kwenyewe ni kwa mbio za mtu aliyefukuzwa na nyuki. Maana aliona samaki wa kwenye picha anaruka, akadhani anapenda kukimbizana.

Ijumaa ikawa kama Alhamisi, pamoja na mvua. Jioni Ambindwile alikuwa amelisugua keni lake kwa majivu likang'aa, na kuliegemeza mpakani, mdomo wake ukielekea kwa Hosea. Aliliacha keni liseme.

Usiku huo mke wa Hosea, Tulinagwe, alipomkanda goti kwa maji ya moto, alimuuliza jambo moja tu, bila kumtazama. "Baba Godwin, samaki wa humu hula nini siku zote, nyinyi msipowasumbua?"

Hosea akainuka, akawasha tochi, akaenda kulifungua boksi.

Jumamosi asubuhi shujaa hakurusha kwanza. Alichutama ukingoni, goti likilalamika, akayatazama maji. Nayo ni maji safi, unaona mpaka mawe. Akaona visamaki vidogo vikipita, rangi ya bati kuukuu, vinafanana na usipa, dagaa wale wanaopanda kutoka Kyela kwenye magunia. Vyekundu havikuwamo. Vyenye madoa ya njano havikuwamo. Basi akawapita majemadari wote, akawapita vyura na vijiko, na kwenye kona ya boksi akamtoa askari aliyekuwa amedharauliwa na wote, hata Tupokigwe hakumtundika kwa kuwa haning'inii vizuri: kisamaki kimoja cha plastiki, kijivu, chembamba, kilichochubuka ubavuni. Akakifunga. Akarusha kwa mkono mwepesi, nacho kikaanguka bila kelele. Akaanza kukunja kwa mbio zilezile za nyuki.

Jua lilikuwa linakaribia saa tano.

Ndipo kwenye njia ya juu, ile nyembamba iliyochongwa kwenye ukuta wa shimo, ambako wawili hawapishani bila mmoja kuingia majanini, akatokea Janeth, mke wa mwanawe Godwin, beseni la nguo kichwani.

Hapa lazima niseme kwa ajili ya wageni. Kwa watu wengi wa mjini jambo hili siku hizi ni la kuchekwa, na mchungaji mwenyewe alikwishasema halina ulazima. Lakini katika nyumba ya Hosea linashikwa kama alivyolishika mama yake: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, hawaongei, wala mke huyo halitamki jina la baba mkwe wake hata akiulizwa hospitali. Wakikutana njiani, mmoja hugeuka mpaka mwenzake apite. Ni heshima, nayo haina likizo.

Basi Janeth alipoiona kofia ya pama, akageuka papo hapo, uso ukaelekea ukuta wa mlima, kanga akaishusha mpaka puani, akangoja mkwe aondoke. Na Hosea alipouona upindo wa kanga, akageuka papo hapo, uso ukazama katikati ya matete, akangoja mkwe apite. Kila mmoja akamngoja mwenzake, kwa adabu isiyo na doa. Mtu angeweza kuchemsha chai hapo, akainywa, akaosha na kikombe.

Na kwa kuwa si adabu kujishughulisha mbele ya mkwe, Hosea hakukunja. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mkono wake ulitulia. Kule majini kisamaki cha kijivu, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kikikimbia kama kina kesi, kikasimama. Kikayumba. Kikaanza kuzama polepole, ubavu ukimulika kidogo, kama kisamaki kilichochoka maisha. Nadhani hilo ndilo alilokuwa akilisema yule mzungu kwa kidole chake.

Fimbo ikapinda.

Enyi mliowahi kupigana vitani, semeni kama mlipata kupigana kinyumenyume! Maana Hosea asingeweza kugeuka. Akigeuka atamwona mkwewe. Akapigana uso wake ukiwa ndani ya matete, mikono nyuma ya mgongo kama mtu aliyefungwa pingu, kigurudumu kikilia, kofia ikimdondoka, goti likikana mambo yote. Akavuta, adui akavuta. Akarudi hatua mbili, akakanyaga boksi. Tete moja likamwingia puani, naye hakupiga chafya, kwa sababu chafya nayo ina sauti ya mazungumzo. Mwisho akaivuta fimbo juu ya bega lake kama mtu anayetupa mzigo wa kuni, na adui akatoka majini, akapita hewani, akatua kwenye majani ya njiani, hatua tatu kutoka kwa Janeth, akaanza kurukaruka kurudi alikotoka.

Hosea akamsikia anavyoruka. Akayaambia matete kwa huzuni kuu:

"Laiti pangekuwa na mtu mahali hapa, angemzuia samaki huyo asirudi majini."

Na Janeth, uso kwenye mlima, akaliambia beseni lake: "Beseni, kuna kazi." Akalitua, akakipapasa kitu hicho kwa mguu, akakifunika kwa nguo. Kisha akakifunua kidogo kukihakikisha. Alikuwa perege, mpana kama vidole vinne vya mtu asiyelima, na mdomoni mwake, kimebanwa sawasawa, kisamaki cha plastiki.

Saa sita kasoro, uwanja wa Hosea ulikuwa umejaa. Hakuna aliyeitwa, walikuja tu, wengine wakidai wametumwa chumvi. Yule perege alikuwa juu ya jani la mgomba, katikati, na watu wakimpisha kivuli. Mzee Yohane, fundi wa baiskeli, alisema katika maisha yake hajaona samaki mwenye sura ya kushindwa namna ile.

Ambindwile akamzunguka mara mbili. Akamnusa. Kisha akasimama, akasema kwa upole mkubwa, ambao ndio uliokuwa wa hatari:

"Ndugu zangu, samaki yupo, simkatai. Lakini wa ukubwa huu wapo sokoni Tukuyu, wamepangwa kwenye sinia, na bodaboda ni dakika chache. Mimi nauliza neno moja tu. Nani aliona?"

Hosea akauona mwezi mzima ukimjia mbele ya macho, alfajiri baada ya alfajiri, keni la ng'ombe watatu begani na utelezi chini ya miguu. Na zaidi ya hayo, akaona miaka yote iliyobaki ambayo hataulizwa kitu, na akisema kitu ataambiwa kama yule perege wako wa sokoni. Shahidi alikuwapo, hatua kumi kutoka hapo, jikoni. Lakini amwiteje? Amtaje vipi?

Ndipo sauti ikasikika nyuma ya ukuta wa jiko, ikizungumza na kuku.

"Nyie kuku, mimi leo nilikwenda kufua. Mtu sikumwona, maana sikutazama. Niliona samaki aliyetoka majini anarukaruka njiani na mshipi wake, na mdomoni ana kisamaki cha plastiki cha kijivu, kimechubuka ubavu wa kushoto."

Watu wakainama kwenye boksi. Yohane akakitoa kisamaki, akakigeuza. Ubavu wa kushoto.

Ambindwile hakukubali upesi. Ulimi wake haukuzoea. "Na mshipi huo," akauambia ukuta, "ulishikwa na nani?"

"Ulishikwa na fimbo," ukuta ukajibu.

"Na fimbo?"

"Ilishikwa na mikono."

"Mikono ya nani, mwanangu?"

Kuku mmoja akachokora. "Ya koti la kaki," sauti ikasema, "lenye vifungo viwili, na kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikuwa umekwisha. Mshonaji namjua."

Uwanja mzima, kama mtu mmoja, ukaligeukia koti la Hosea, na uzi mwekundu ukawaka pale kifuani kama nishani. Akina mama wakapiga vigelegele; ndoo zikapigwa; Agness akaanzisha wimbo wa ushindi kwa sauti ya kwanza, na vyura vyake vikacheza masikioni. Ikatangazwa pale pale, nami nailinda isipotee, kwamba siku hiyo, kabla ya saa sita, katika ziwa la Kisiba, samaki wa vidole vinne alikamatwa kwa plastiki na mtu asiyemtazama, na kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana tangu mlima ulipotoboka.

Ambindwile, naye ni mtu wa neno lake, alilichukua keni la Hosea pale mlangoni, akalijaribu uzito begani ingawa lilikuwa tupu, wala hakuguna. Watu walianza kutawanyika. Jikoni Tulinagwe alikuwa amemkata yule perege vipande tisa, kazi ya ustadi kuliko kumvua, akavitandaza juu ya sufuria la ndizi zilizopikwa kwa maziwa ili kila mmoja apate walau harufu.

Ambindwile alifika kwenye mgomba wa mpakani. Akasimama. Akarudi hatua tatu, akajikuna shingo, akatazama kila upande kuona kama mama yeyote wa foleni ya maziwa bado yupo, na kwa sauti ya chini sana, kama mtoto kwa babaye, akasema:

"Tata, hebu niambie. Ulimvutaje?"

Hosea alisimama mlangoni, kofia mkononi. Miaka mitatu alikuwa akingoja kuulizwa jambo, lolote. Akavuta pumzi ya kuanza tangu kwenye belo la Tupokigwe. Kisha akaona bega la jirani yake chini ya keni lile, akasogea, akalipokea, akalitua.

"Ndaga, nkamu, kwa kuuliza," akashukuru. "Lakini si jambo la kuelezewa mtu akiwa na njaa. Ingia ndani, tule."